Kiti cha 14

Mtoto wa kaka yangu amepata kazi. Ni kampuni kubwa, hapa hapa Nairobi, kituo cha kupokea simu za wateja. Wiki tatu zilizopita alinijia Donholm na mkataba ndani ya bahasha ya kaki. Tukaketi jikoni tukikata sukuma wiki, na katikati ya mazungumzo ya nauli na nyumba za kupanga akaniuliza, "Shangazi, wewe ulikaa huko miaka kumi na mmoja. Kukoje?"

Nikamjibu haraka, jibu ambalo kila aliyepita huko hulitoa: "Inategemea supavaiza utakayempata."

Akaitikia, akaendelea kukata mboga. Lakini alipokwisha kupanda matatu, jibu langu lilinirudia, likanikera. Ni la kweli, ila linamfanya supavaiza aonekane kama mvua: inyeshe, isinyeshe, wewe huna la kufanya. Nami nimewahi kuwa supavaiza. Kuna watu walionyeshewa na mimi. Basi nimeona nimjibu upya, kwa kirefu, na kwa kuwa wako wengi wanaokaribia kutia sahihi mikataba kama ule wake, jibu naliweka hapa.

Kampuni niliyofanyia kazi sitaitaja. Bado ina watu ninaowapenda, na mengi nitakayosimulia nimeyasikia pia kwa marafiki waliofanya kazi katika mabenki, mahoteli na maghala ya Industrial Area.

Nilianza mwaka 2011. Miaka miwili kabla yake, nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilikuwa zimefika Mombasa. Kabla ya hapo mawasiliano yetu na ng'ambo yalitegemea setilaiti, ambayo ni ghali na sauti huchelewa. Nyaya zilipowashwa, kazi ya kupokea simu za wateja walio mbali ikawezekana, na orofa nzima nzima za majengo ya kando ya Mombasa Road zikajaa vijana wenye hedifoni masikioni. Nilikuwa mmoja wao. Tulipokea simu kwa niaba ya kampuni nyingine: leo bima, kesho duka la mtandaoni. Palikuwa na chai ya bure saa nne, na mshahara uliingia benki tarehe ile ile kila mwezi. Kwa mtu aliyekuwa akifundisha tuisheni na kuuza mitumba Gikomba, hilo la tarehe peke yake lilikuwa heshima. Nayasema haya mapema kwa sababu sitaki mtu adhani niliichukia kazi ile. Niliipenda sana.

Supavaiza wangu wa kwanza alikuwa mwanamume mtu mzima tuliyemwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha shule ya msingi upande wa Machakos kabla ya kuja mjini. Zamu ya asubuhi ilianza saa 1:00. Yeye alifika saa 12:30, na kabla hajawasha kompyuta yake alizunguka kiti hadi kiti akisalimia. Haikuwa salamu ya kupunga mkono kutoka mlangoni. Alisimama. "Mama ameamkaje?" "Yule mdogo wako amepata shule?" Alikuwa na daftari la kurasa 48, aina ile ya watoto wa shule, na humo aliandika mambo yetu: fulani ana kliniki Alhamisi, fulani ana mtihani wa jioni chuoni, fulani amefiwa na anasubiri tarehe ya mazishi. Ratiba ya wiki ilipotoka siku ya Ijumaa, aliketi na daftari lile na kalamu nyekundu, akatubadilishia zamu kabla hatujaomba. Na siku ambayo jambo lilimfikia mtu ghafla, akalazimika kutoka katikati ya zamu, Mwalimu alifanya kitu ambacho wakati huo nilikiona cha kawaida kabisa. Aliketi kwenye kile kiti, akavaa hedifoni, akapokea simu mwenyewe.

Tulikuwa watu 20 chini yake. Kwa miaka minne sikumbuki mtu wa timu ile aliyedanganya kuwa mgonjwa. Hakukuwa na haja.

Mwaka 2015 alistaafu, akarudi kwao kulima. Timu yake nikapewa mimi. Mama yangu alinichinjia kuku.

Hapa lazima nieleze hesabu kidogo, maana bila hesabu hii mtu atadhani nasimulia habari za watu wenye roho mbaya, na sivyo ilivyokuwa. Katika kila kituo cha simu kuna mtu wa mipango, ambaye kazi yake ni kukadiria simu zitakazoingia na kusema wanahitajika watu wangapi. Anatumia kanuni za Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen. Erlang alizichapisha mwaka 1917 kwa ajili ya kupima laini za simu, na mpaka leo ndizo zinazoamua nani wa Embakasi atapata ofu Jumamosi. Mtu wetu wa mipango alinifafanulia hivi. Tuseme katika nusu saa zinaingia simu 100, na kila moja inachukua dakika 5. Hizo ni dakika 500 za kazi. Mtu mmoja ana dakika 30 tu ndani ya nusu saa. Ukigawanya, unahitaji watu 17 ili kazi itoshee tu, pasipo mtu kuvuta pumzi. Ukiweka 20, kila mmoja atakuwa kwenye simu sekunde 50 kati ya kila 60. Zile 10 zinazobaki ndizo za kumeza maji, kunyoosha mgongo na kusahau matusi ya mteja aliyetangulia. Waondoe wawili, wabaki 18, na kila mmoja anabaki na sekunde kama 4 hivi. Tena simu haziji kwa mpangilio. Zinakuja kama abiria wa kituo cha Muthurwa mvua ikianza. Ndiyo maana ukikaribia mwisho wa uwezo wako, foleni haipandi kidogo kidogo. Inaruka.

Sasa kampuni yetu iliuza huduma kwa ahadi: asilimia 80 ya simu zipokewe ndani ya sekunde 20. Ahadi hiyo ni ya kawaida katika kazi hii duniani kote. Isipotimia, kampuni iliyotupa kazi inakata malipo. Na kwa kuwa kazi zenyewe zilipatikana kwa kutaja bei ya chini kuliko wengine, watu walipangwa wale wa kutosha tu, bila hata mmoja wa akiba. Katika mpango mzima wa mwaka, ugonjwa wa mtoto wa mtu haukuwa umetengewa nafasi.

Mwalimu ndiye aliyekuwa akiba ile. Nilichelewa sana kulielewa hilo. Mtu wa 21, ambaye hakuwa kwenye bajeti, alikuwa yeye, kwa mwili wake na sauti yake.

Lakini nilipopandishwa cheo tulipelekwa mafunzo ya siku tatu, na meneja wa operesheni akatuambia kwamba kiongozi hapokei simu. Kiongozi anasimamia takwimu. Supavaiza anayevaa hedifoni ameshindwa kuongoza. Nikayaandika maneno hayo, nikayapigia mstari, na hedifoni yangu nikaitia kwenye droo.

Ilikuwa Jumatatu ya Julai 2017, saa 9:20 alasiri. Skrini kubwa ya ukutani ilikuwa nyekundu, simu 23 zikisubiri. Dada wa kiti cha 14 akaja kusimama kando ya meza yangu.

"Madamu, yule mama anayeniangalizia mtoto amenipigia. Mtoto ana homa, anapumua kwa shida. Naomba nitoke."

Nilitazama skrini. Kabla ya kuutazama uso wake niliitazama skrini. Kisha nikasema, "Zamu yako inaisha saa kumi na moja. Vumilia kidogo, foleni ikishuka nitakuachilia."

"Sawa, Madamu."

Akarudi kitini. Nilimsikia akiitikia simu iliyofuata kwa sauti ile tuliyofundishwa, sauti yenye tabasamu. Foleni haikushuka. Saa kumi na moja na dakika mbili alinyakua mkoba akatoka mbio. Wakati huo barabara ya juu ya Mombasa Road haikuwa imejengwa, na kwa msongamano wa jioni kufika kwake mtaani Pipeline kulimchukua zaidi ya saa nzima. Mtoto alilazwa usiku huo kwa homa ya mapafu, akakaa hospitalini siku nne. Alipona. Namshukuru Mungu kwamba alipona.

Jioni ile ile, nikiwa ndani ya matatu, ilinifikia barua pepe ya pongezi. Timu yangu ilikuwa imetimiza ahadi ya siku. Habari za mtoto nilikuwa bado sijazipata. Nikaisoma mara mbili, nikafurahi.

Aliporudi hakunilaumu. Aliniletea karatasi ya hospitali kama utaratibu ulivyotaka, akanikabidhi kwa mikono miwili, akashukuru. Tangu siku hiyo hakuniomba tena kitu chochote, si kubadilishiwa zamu, si ofu. Alinisalimu vizuri kila asubuhi, salamu kamili isiyopungua neno, na ikaishia hapo. Miezi miwili baadaye aliacha kazi. Kwenye fomu ya kuondoka, mahali pa sababu, aliandika "za kibinafsi". Fomu ile niliitia sahihi mimi. Ikapanda ghorofa ya sita, ikaingia kwenye jedwali, na huko juu wakasoma kwamba watu wanaacha kazi kwa sababu za kibinafsi. Nimefikiri mara nyingi ni fomu ngapi za namna hiyo zimelala kwenye makabati ya mji huu.

Palikuwa na makundi mawili ya WhatsApp katika kila timu. La kwanza lilikuwa rasmi, mahali pa ratiba na maagizo, ambapo watu walijibu kwa alama ya kidole gumba. La pili halikuwa na supavaiza ndani. Nilijua lipo kwa sababu niliwahi kuwamo, na usiku niliopandishwa cheo nikaondolewa. Hilo la pili ndilo lililokuwa hai. Humo watu walichanga pesa za hospitali na za mazishi, walitafutiana nyumba, walionyana kuhusu hali ya bosi siku hiyo. Kwa ajili ya mtoto wa kiti cha 14 walichanga humo. Mimi sikuambiwa nichange. Nilipata habari mwezi mzima baadaye, kutoka kwa mlinzi wa getini, ambaye naye alikuwa ametoa mia mbili.

Juu yetu kulikuwa na lugha nyingine kabisa. Tuliambiwa mlango wa mkurugenzi uko wazi kwa kila mfanyakazi, lakini kadi zetu zilifungua milango hadi ghorofa ya nne tu. Kila Novemba lilikuja dodoso la kupima tunavyojisikia kazini. Halikuuliza jina. Liliuliza idara, jinsia, umri na miaka ya kazi, na katika timu yangu mwanamke wa miaka 31 aliyefanya kazi miaka sita alikuwa mmoja tu. Nami nilikuwa nimeambiwa nihakikishe alama zinapanda. Basi nilisimama mbele yao nikasema, "Jazeni kwa uaminifu," na kila mtu akajua jinsi ya kujaza. Tulipata alama za juu sana. Zilichapishwa kwa rangi, zikabandikwa karibu na mashine ya maji. Naamini wale wa juu walizisadiki. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi kuliko kama wangekuwa wanatudanganya: walikuwa wanaendesha kampuni kwa habari tulizowapa sisi, na sisi tuliwapa habari ambazo haikuwa hatari kuzitoa.

Desemba ile nilikwenda kumtembelea Mwalimu. Alinionyesha mbaazi zake, mkewe akatupikia, na tulipobaki wawili nikamsimulia yote, skrini, saa 9:20, mtoto, barua ya pongezi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Na hedifoni yako ilikuwa wapi?"

Ilikuwa kwenye droo.

Januari nilinunua daftari la kurasa 48. Nilianza kufika saa 12:30. Siku za mwanzo watu walinitazama kwa wasiwasi niliposimama kando ya viti vyao, wakidhani nimekuja kusikiliza simu zao ili niwakate alama. Ilichukua kama miezi miwili kabla mtu hajaniambia jambo la kweli. Yule aliyeanza alikuwa kijana wa kiti cha 6, aliyeniambia kwamba baba yake ana kisukari na kila Jumanne ya kwanza ya mwezi lazima amfikishe hospitali ya Kenyatta. Alikuwa ametumia likizo yake ya mwaka siku moja moja kwa ajili hiyo, mwaka wa pili sasa, bila kumwambia mtu. Nikaandika kwenye daftari. Kumhamishia zamu ya mchana siku hizo kulinichukua dakika tatu.

Na mtu alipotoka ghafla nilivaa hedifoni nikaketi kwenye kiti chake.

Haikupita nusu mwaka nikapata barua ya kutakiwa kujieleza: kwamba napokea simu badala ya kusimamia, kwamba naruhusu watu kutoka bila idhini ya meneja. Usiku huo sikulala. Nilijua kupigwa kalamu kulivyo, nilikuwa nimewaona wengine wakibeba maboksi yao. Ndipo nikaisoma Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ukurasa kwa ukurasa, kwenye simu, kitandani.

Ina mambo mema mengi kuliko tunavyodhani. Likizo ya mwaka isipungue siku 21 za kazi. Siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Likizo ya uzazi miezi mitatu, na ya baba wiki mbili. Ukiugua, una siku 7 za malipo kamili na 7 nyingine za nusu malipo. Lakini ni ukiugua wewe. Nilitafuta siku ya mtoto mgonjwa, nilitafuta siku ya kuzika mzazi, sikuziona. Sheria imeliachia jambo hilo mwajiri. Mwajiri ameliandika kwenye sera kwa maneno manne, "kwa idhini ya msimamizi", na msimamizi ni mtu aliyesimama chini ya skrini nyekundu saa 9:20. Hivyo ndivyo jambo kubwa kuliko yote katika maisha ya mfanyakazi linavyofika mikononi mwa mtu mdogo kuliko wote katika uongozi, aliyepewa mafunzo ya siku tatu.

Nilichokipata cha kunisaidia kilikuwa kifungu cha 41. Kabla ya kukufukuza kwa kosa la nidhamu au utendaji duni, mwajiri anatakiwa akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, uliyemchagua mwenyewe, asikie maelezo hayo. Kisha wewe na mwenzako huyo msikilizwe. Mimi nilimchagua yule mtu wa mipango. Alikuja na karatasi zake, akaonyesha kwamba tangu Januari siku za kutokuja kazini bila taarifa katika timu yangu zilikuwa zimepungua, na kwamba muda niliokaa kwenye viti vya watu ulikuwa mdogo kuliko muda tuliokuwa tukipoteza zamani. Walinionya kwa mdomo, wakaniachilia. Daftari hakuna aliyeliuliza.

Kikao ninachokikumbuka zaidi, hata hivyo, hakikuwa changu. Palikuwa na mzee aliyehudumu jikoni, ndiye aliyetuchemshia chai miaka yote. Mwaka 2019 alipata barua ya Kiingereza, kurasa mbili, ya tuhuma za upotevu wa maziwa na sukari. Akanijia nayo imekunjwa mara nne. "Binti yangu, nisomee." Nikamsomea, nikamweleza ana haki ya kuingia na mtu. Akanichagua.

Kikao kilikuwa ghorofa ya sita. Upande wa pili wa meza walikaa watu watatu, na aliyekiongoza alikuwa meneja kijana, mtu mstaarabu tu. Alianza kusoma kwa Kiingereza, haraka. Nikanyoosha mkono nikasema sheria inataka lugha anayoielewa mhusika, naomba tuzungumze Kiswahili. Pakawa kimya. Yule kijana akaweka karatasi chini, akaanza. Akasema, "Wewe..." akasita. Kwa Kiingereza alikuwa ameendelea vizuri kabisa, kwa kuwa kwa Kiingereza aliyekuwa mbele yake alikuwa "mfanyakazi" na mkurugenzi mkuu na mtoto mdogo wote huitwa kwa neno moja, "you". Kwa Kiswahili ilimbidi amwite mtu huyu kwa namna fulani, na mtu huyu alikuwa rika la baba yake. Akajaribu tena. "Mzee," akasema, na alipokwisha kusema mzee, sentensi iliyofuata haikuweza kutoka jinsi ilivyoandikwa. Hakuna aliyelelewa hapa anayeweza kusema "mzee" na papo hapo "umeiba" bila ulimi kuwa mzito. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee, hebu tuelezee ilivyokuwa."

Swali hilo halikuwamo kwenye karatasi yake. Mzee akaeleza. Friji ya jikoni ilikuwa inazimwa Ijumaa jioni pamoja na taa za ghorofa, na Jumatatu maziwa yalikuwa yameharibika. Aliyamwaga, akamwarifu mtu wa stoo kwa mdomo kila wiki, na mtu wa stoo hakuandika popote. Sukari nayo ilipimwa kwa hesabu ya wafanyakazi wa zamani, kabla hatujaongezeka. Ilichukua dakika kumi na tano. Alibaki kazini, na friji ikawekewa swichi yake.

Sisemi Kiswahili kinaponya udhalimu. Nimewahi kutukanwa kwa Kiswahili fasaha sana. Ila nilitoka chumba kile nikijua kwamba kwa miaka mingi tulikuwa tunaendesha mambo mazito ya watu kwa lugha inayoturuhusu kusahau ni nani tuliye naye.

Kisha ikaja 2020. Amri ya kutotoka nje ilipoanza tarehe 27 Machi, saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri, tulipewa kompyuta twende nazo nyumbani. Ndipo nilipojua timu yangu inaishi wapi. Chumba kimoja Pipeline, mtu amejifunika blanketi kichwani ili sauti ya watoto wa jirani isiingie kwenye simu, maana kelele ilikatwa alama. Umeme ukipotea, mfumo uliandika hakuja kazini. Nilibishana na watu wa juu kuhusu hilo la umeme kwa wiki saba, na hilo moja nilishinda.

Mwaka 2019 nilikuwa nimempigia dada wa kiti cha 14. Namba yake ilikuwa bado inaita. Nilimwomba msamaha, vibaya, kwa maneno mengi. Alinisikiliza. Mtoto alikuwa karibu kuanza shule, na yeye alikuwa na duka dogo la vifaa vya simu Kayole. Akasema, "Madamu, mimi nilijua utakataa. Niliomba tu ili nisije nikajilaumu kwamba sikuomba." Alisema bila uchungu, kama mtu anayemweleza mwenzake barabara ilivyokuwa. Kisha mteja akaingia dukani, akaniaga.

Nilipunguzwa mwaka 2022 pamoja na wengine wengi, kazi ya mteja mmoja mkubwa ilipohamishwa. Sheria inataka ilani ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, na nililipwa kila senti, kwa tarehe. Hilo nalitoa kwa haki yake. Lakini barua ilikuja kwa barua pepe alfajiri, na nilipofika mlangoni kadi yangu ilikuwa imekwisha kuzimwa. Mlinzi yule wa mia mbili ndiye aliyenisindikiza hadi mezani nikachukue vitu vyangu. "Pole, Madamu. Nimeagizwa," akasema, na akageuka kutazama dirishani ili nikusanye bila kutazamwa. Daftari sikulichukua. Nililiweka kwenye droo, juu ya hedifoni, kwa ajili ya yeyote atakayepewa ile timu.

Haya ndiyo niliyomwambia mtoto wa kaka yangu kwa simu, kidogo kidogo, jioni tatu mfululizo. Alikuwa msikivu. Nilimwambia wiki ya kwanza asihangaike kusoma mabango ya ukutani, aangalie tu hedifoni ya supavaiza wake iko wapi. Na nikamtumia kifungu cha 41, nikakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili.

Jana amenitumia ujumbe wakati wa mapumziko. Hedifoni iko mezani, anasema, ila imefungwa waya kwa mpira na ina vumbi. Halafu akauliza: "Shangazi, ile ya kuingia na mtu, ni lazima mtu mwenyewe awe mfanyakazi wa hapo hapo?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, au mwakilishi wa chama. Nikamuuliza kama ameshampata anayemwamini kiasi hicho.

"Bado natafuta," akaandika. "Kuna dada mmoja kiti cha 9, tunakula pamoja."